Kosa namba 19 na flashi ya kuazima

Laptopu yenyewe ilikaa juu ya kabati miaka mingi, betri imekufa, inaishi kwa waya tu. Badala ya kuiuza kwa bei ya kutupa nikaona niitie FreeBSD, mfumo endeshi wa bure, itunze mafaili ya kibanda changu cha steshenari hapa Ngamiani. Flashi sikuwa nayo. Nikaazima ya mpwa wangu, ya giga nane, aliyokuwa akisikilizia nyimbo.

Nilishusha faili la memstick, lile la kuwekea FreeBSD kwa flashi, usiku, maana bando la usiku ndilo ninaloliweza. Nikalipima kwa sha256, alama ya kuhakiki kwamba faili limefika zima, namba zikalingana na zile za tovuti ya FreeBSD mpaka herufi ya mwisho. Nikalichoma kwenye flashi kwa dd, amri ya kunakili faili moja kwa moja juu ya diski, kwenye kompyuta ya dukani yenye Linux, huku nimekodoa macho kwenye of=/dev/sdb, jina la flashi, kwa sababu ukikosea herufi moja pale unafuta diski ya duka zima.

Nikaichomeka kwenye laptopu, nikabonyeza F12, nikachagua iwakie kwenye flashi. Skrini ikawa nyeusi kidogo, kisha ikaja Windows ile ile ya zamani. Nikabadili tundu. Nikazima Secure Boot, ule ulinzi unaozuia mifumo migeni kuwaka. Hola. Mpwa alikuwa kibarazani anakula kachori, akachungulia.

"Mjomba, hilo faili si linaishia na xz? Umelichoma na gunia lake."

Kweli bwana. Lilikuwa bado limebanwa. Lilitaka unxz, amri ya kulifungua, kwanza, libaki img tupu, ndipo lichomwe. Namba zangu za sha256 zilikuwa sahihi kabisa, ila zilikuwa za gunia.

Safari ya pili menyu ikatokea, mistari myeupe ikakimbia, nikaanza kutabasamu. Ikasimama hapa:

Mounting from ufs:/dev/ufs/FreeBSD_Install failed with error 19.

Na chini yake mountroot> inangoja niandike mfumo uko kwenye diski ipi. Nikalaumu flashi. Nikaichoma upya mara mbili, kila mara nakaa nakitazama kile kitaa chake chekundu kinavyopepesa mpaka kizime, na kila mara namba 19 inanisubiri pale pale. Umeme nao ukakatika namba 19 ya mara ya pili ikiwa bado kwenye skrini. Laptopu isiyo na betri ikazima kama kibatari.

Umeme uliporudi nikaiwasha tena, ila safari hii kosa lilipotokea sikugusa kibodi. Nikaiacha kwenye lile kosa. Baada ya sekunde chache, chini ya mountroot>, ukajitokeza mstari mwingine peke yake: da0, yaani diski ya USB, na jina la flashi. Hapo ndipo nilipoelewa. Namba 19 maana yake kifaa hakipo, na kweli wakati ule hakikuwepo. Kerneli, kiini cha mfumo, ilikwenda kutafuta mzizi wake, yaani mafaili yake ya kuanzia, kwenye flashi wakati njia ya USB ya mashine hii kuukuu bado inajivuta. Flashi haikuwa na ugonjwa wowote, ilichelewa kuitika tu.

Dawa yake ni fupi. Kwenye menyu ya mwanzo nikabonyeza 3 kutoka kwenda kwenye loader, programu inayoiwasha kerneli, nikaandika:

set kern.cam.boot_delay="10000"
boot

Hizo ni milisekunde, yaani sekunde kumi za kungoja. Mashine ikatulia, nikahesabu kimoyomoyo, da0 ikajitokeza, na bsdinstall, programu ya kuweka FreeBSD, ikafunguka na menyu yake ya buluu. Kilichobaki kilikuwa cha kawaida: kibodi, jina la mashine, diski, nywila ya root. Kwa mpangilio wa mafaili kwenye diski nilichagua UFS na si ZFS iliyo nzito zaidi, kwa vile RAM ni giga 2 tu na sikutaka kuibebesha mzigo.

Nikaizima, mpwa akachomoa flashi, nikaiwasha. Diski ya ndani haina uvivu ule, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuongeza subira yoyote. Ikafika login: bila kukwama.

Mpwa akaigeuzageuza flashi yake mkononi.

"Sasa mjomba, nyimbo zangu uliziweka wapi?"