Nani aliosha sufuria?

Mwaka wangu wa kwanza Kairo nilipokea shukrani za kazi ambayo sikuifanya. Tulikuwa watatu kwenye fleti. Asubuhi mmoja akaingia jikoni akaniuliza: "Inta ghasalt il-hilla imbarih?" Wewe uliosha sufuria jana? Sufuria ilikuwa inang'aa, nikajibu "aywa", nikimaanisha ndiyo, imeoshwa. Akanishukuru hadi nikaona haya. Mara mwenzetu wa tatu akachomoka chumbani: "Ana! Ana lli ghasaltaha!" Mimi! Mimi ndiye niliyeiosha!

Huyu wa tatu nilimwelewa papo hapo, maana hiyo "illi" aliyoitia hapo inafanya kazi ya "ndiye" yetu. Muulizaji hakuweka "illi" wala neno lolote la ziada. Alichofanya ni kupaisha sauti kwenye "inta", yaani "wewe". Kwamba sufuria imeoshwa alikuwa anajua, ana macho; alichotaka ni mtu.

Basi jioni nikamwomba (yule wa kwanza, wa tatu alikuwa bado amenuna) arudie sentensi ileile kwa namna mbalimbali. Akaisema kikawaida kwanza. Hapo nikagundua kilichokuwa kinanipoteza: katika Kiarabu cha Kairo karibu kila nomino, kitenzi na kivumishi hupata kilima chake cha sauti, hata kama hakuna kinachosisitizwa. Ghasalt, kilima. Hilla, kilima. Imbarih, kingine. Sikio langu lilikuwa linasubiri neno moja liruke, na hapa yanaruka yote.

Akairudia akikazia "inta". Ilipanda juu sana, lakini kilichonishangaza ni yale yaliyofuata: vilima vilikuwepo vyote, ila vimebanwa, vifupi, kama vimekaliwa. Alipokazia "imbarih", nilimuuliza kama ni jana kweli au juzi, akacheka, maana ndicho alichokuwa anauliza. Tangu hapo nikawa nasikiliza mkia wa sentensi. Mahali vilima vinapoanza kuwa vifupi, kabla yake tu ndipo penye neno linalotakiwa.

Kwenye darasa la fus'ha, yaani Kiarabu sanifu, tulikuwa tunasoma balagha, elimu ya ufasaha wa maneno, wakati huohuo, na ikafika zamu ya Abdul-Qahir al-Jurjani, mwanachuoni wa karne ya 11. Anasema ukiuliza "a-fa'alta?" (je, ulifanya?) unatilia shaka tendo lenyewe, je, limefanyika? Ukiuliza "a-anta fa'alta?" (je, ni wewe uliyefanya?) tendo halina ubishi, anatafutwa mtendaji. Karatasi haina sauti, kwa hiyo mpangilio wa maneno ndio unaobeba mzigo. Darasa zima lilikuwa linaandika kanuni. Mimi nilikuwa naiona sufuria.

Wa tatu alinisamehe, ila kwa masharti yake. Kila sufuria ikikutwa safi, anasimama mlangoni, anaivuta "iiinta" mpaka dari, kisha yanayobaki anayanong'ona. Nami najibu "la, mish ana", hapana, si mimi, halafu naenda kuosha sahani.