Mkasi Ndani ya Tikiti Maji: Nilivyofuma Vifuko vya Zana kwa Mabaki ya Nyuzi

Mkasi wangu mdogo wa kukatia nyuzi ulikuwa na tabia ya kupotea ndani ya kochi, na mara ya mwisho ulipopotea niliupata kwa kuukalia. Siku hiyo niliamua kuufumia kifuko kwa krosheti, na kwa kuwa nilikuwa na mfuko mzima wa mabaki ya nyuzi yasiyotosha hata soksi moja ya mtoto, sikuona sababu ya kununua uzi mpya. Wazo la kukipa kifuko sura ya chakula lilitokana na rangi zenyewe: nilipomwaga mabaki mezani, nyekundu, nyeupe na kijani ziliangukiana, nami nikaona kipande cha tikiti maji kabla sijaona kitu kingine chochote.

Kabla ya kushika kulabu, yaani sindano ya krosheti yenye ncha iliyopinda, nilipima kila kibonge kwa mizani ya jikoni. Nyekundu ilikuwa gramu 14, kijani 8, nyeupe haikufika 3, na nyeusi ilikuwa ncha chache zisizozidi urefu wa mkono. Nilipomaliza wekundu wa upande wa kwanza wa tikiti, nilirudisha kibonge kwenye mizani, nikakuta umekula gramu 5, basi nikajua bila wasiwasi kwamba upande wa pili utatosha. Tangu hapo sijaanza kitu cha mabaki bila mizani, maana hakuna kinachoudhi kama kuishiwa uzi ukiwa umebakiza mistari miwili, na rangi ile huipati tena.

Tikiti nililianzia nchani kwa mishono mifupi miwili, kisha nikawa naongeza mshono mmoja mwishoni mwa kila mstari hadi ilipofika 18. Kwa kuwa kazi hugeuzwa kila mstari unapokwisha, ongezeko huhama upande kwa upande, na pembetatu hubaki imenyooka. Baada ya hapo nilifuma mstari mmoja mweupe na mitatu ya kijani, nikatengeneza upande wa pili vivyo hivyo, nikaziunganisha pande hizo kwenye mbavu na kuacha mdomo wazi upande wa ganda. Mbegu ndizo zilizonitia aibu: nilizidarizi baada ya kuunganisha, na sindano ikapita pande zote mbili, hivi kwamba nilikuwa na tikiti zuri sana lisiloingiza mkasi. Nilifumua mbegu zote. Mbegu zidariziwe mapema, pande zikiwa bado mbalimbali.

Kosa la pili lilikuwa la msingi zaidi. Nilikuwa nimetumia kulabu ya milimita 4, kama lebo ya uzi ilivyoelekeza, nayo ilitoa kitambaa laini kinachofaa shali. Mkasi ulipenya kwenye ncha ya tikiti siku ya kwanza tu na kunichoma kiganjani. Nilikumbuka kwamba wafumaji wa amigurumi, yaani vile vikaragosi vya krosheti vilivyotoka Japani, hutumia kulabu nyembamba kuliko inayopendekezwa, ili mishono ibanane na pamba ya ndani isichungulie. Nikalirudia tikiti kwa kulabu ya milimita 2.5, nikiongeza mishono kadhaa juu ya ile ya awali ili lisiwe dogo, na ndani yake nikashona pembetatu ya plastiki niliyoikata kwenye ubavu wa chombo kitupu. Vidole viliuma jioni ile, kwani kufuma kwa kubana ni kazi ya nguvu, lakini mkasi haujatoka tena.

Baada ya tikiti niliacha kuchagua chakula kwa kuangalia rangi peke yake, nikawa naiangalia zana kwanza. Futi yangu ya kupimia ni ile ya duara inayojivuta yenyewe, na kitufe chake kipo katikati kabisa. Niliigeuza mkononi mara mbili tatu, nikacheka peke yangu: ilikuwa donati tayari, ikisubiri kuvishwa. Kwa kawaida duara la krosheti huanza na mishono 6 katika kitanzi kinachokazwa, na huongezwa mishono 6 kila mzunguko ili lilale bapa. Upande wa juu wa donati niliuanza kwa mnyororo wa vitanzi 12 uliofungwa, kana kwamba nimeruka mzunguko wa kwanza, na tundu lililobaki likaangukia juu ya kitufe. Nilipounganisha pande mbili niliacha pengo la mishono mitatu ambamo ulimi wa futi unatokea. Sukari ya rangi juu yake ni mishono ya sindano ya ncha zile nyeusi, pamoja na vipande vya njano na buluu ambavyo mtu mwingine angevifagia.

Koni ya aiskrimu ndiyo iliyonishinda. Nilitaka isimame mezani ikibeba kulabu zangu zote, lakini kitu chenye ncha chini hakisimami, na hata nilipokijaza kokoto kilianguka kila nilipochomoa kulabu moja. Nilikifumua, na uzi ule wa kahawia ukawa kikombe cha keki ndogo kilichovishwa kopo la bati lenye upana wa sentimita 7. Mizunguko sita ya kitako ilinipa mishono 36, iliyolingana na mzingo wa kopo. Mzunguko uliofuata niliufuma kwenye vitanzi vya nyuma tu, yaani kimoja kati ya viwili vilivyo juu ya kila mshono, jambo linalofanya ukingo ujikunje kama umekatwa kwa kisu, kisha nikapanda bila kuongeza. Mdomoni nilifuma krimu ya waridi: nikaruka mishono miwili, nikaweka mishono mirefu mitano katika mshono mmoja, nikaruka miwili, nikafunga, hadi yakatimia mawimbi sita.

Cha mwisho kilikuwa stroberi ya kuchomekea pini. Mito ya pini ya zamani yenye umbo la nyanya huwa imening'iniziwa stroberi ndogo yenye unga mgumu wa kusugulia sindano zilizoshika kutu, nami nilitaka yangu ifanye kazi zote mbili. Kwenye ncha niliweka kifuko kidogo cha kitambaa kilichofumwa kwa kubana, chenye mchanga laini uliooshwa na kukaushwa vizuri, kwa sababu mchanga mtupu ungevuja kati ya mishono. Sehemu iliyobaki niliijaza ncha za sufu nilizokuwa nimezikata kwenye kazi zote zilizotangulia. Majani yalipaswa kuwa matano, ila kijani cha tikiti kiliishia kwenye jani la tatu. La nne ni kijani kilichopauka, kutoka kwenye fulana ya zamani niliyoifumua, na la tano halipo.