Kufuli sio dawa jamani

Wiki hii kuna mtu kaniuliza afanyeje, mdogo wake anabwia unga, yaani heroini, na familia imeamua kumfungia ndani mpaka aache. Nikanyamaza kwanza, maana hicho kitu tulishakifanya kwetu, kwa kaka yangu.

Tulimfungia siku nane. Godoro chini, ndoo ya kutapikia, kufuli kwa nje, ufunguo mama kaufunga kwenye pindo la khanga. Kama hujawahi kuona arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, kwa macho acha tu, masaa kama 8 mpaka 12 toka apate ya mwisho inaanza, makamasi, miayo, vinyweleo vimesimama, siku ya pili na ya tatu ndo balaa lenyewe, tumbo linaendesha, mifupa inauma, huku anagonga mlango anakuita lile jina la utotoni. Siku ya nane katoka kapoa, kaoga, kala, tukasema Mungu mkubwa, kapona.

Siku ya kumi tukamkuta chooni midomo imekuwa ya bluu, anakoroma kwa kukatakata. Hospitali wakamchoma naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha unga, dakika chache tu kaamka, tena kwa hasira kama tumemkatishia usingizi.

Daktari akauliza kitu kimoja, alikaa siku ngapi bila kutumia? Ndo akatuelezea, mwili ukikaa hivyo unapoteza usugu, kete aliyokuwa anaimudu mwanzo sasa hivi inamkata pumzi. Yaani zile siku nane tulizokuwa tunajisifia kwa majirani ndo zilitaka kumuua. Na huo ni unga, kwa mtu wa pombe kila siku au wa vidonge vya usingizi kuacha ghafla kwenyewe kunaweza kuua, anapata degedege, anaweweseka, huyo ukimfungia unaweza kufungua mlango ukakuta maiti.

Wakamwanzishia methadoni, dawa ya kunywa badala ya unga. Mama akagoma, "si mnambadilishia unga kwa unga tu?" Nilimwelewa, hata mi nilikuwa nawaza hivyohivyo. Ila ile inakaa mwilini siku nzima, anakunywa mara moja, hapandi stimu wala hashikwi na arosto, wanaanza na dozi ndogo wanapandisha taratibu, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu toka 2005, sio kitu cha uchochoroni. Karudia unga mara mbili, sitawadanganya. Ila safari hizo alienda mwenyewe kwa nesi akasema, hakuna aliyemtukana, wakarekebisha dozi, maisha yakaendelea.

Saa hizi kila asubuhi yuko kwenye dirisha la dawa, anakunywa nesi akimwangalia, halafu anaambiwa aongee kidogo wahakikishe kameza. Na kila siku anaongea kitu kilekile: "Dawa chungu hii, we nesi ushawahi kuionja?"