Zile sehemu za DNA tulizokuwa tunaziruka

Mi huwa naumia nikisikia jenomu, yaani DNA yote, ya mnyama fulani "imeshasomwa yote", maana mara nyingi kuna sehemu zimerukwa, hasa sentromia (pale kwenye kiuno cha kromosomu, zile nyuzi zinazobeba DNA) na zile ncha za kromosomu, na hizo sio takataka jamani. Ya binadamu yenyewe ilitangazwa imekamilika 2003 wakati kama asilimia 8 ilikuwa bado, ikaja kujazwa 2022!

Shida ni marudio. Mashine nyingi zinasoma DNA kwa vipande vya herufi (zile A, C, G na T) kama 150 hivi, sasa ukikuta ACACAC imejirudia kwa maelfu ya herufi, kila kipande kinafanana na mwenzake, utajuaje kipi kinakaa wapi? Ndo maana mashine za vipande virefu, herufi elfu 15 mpaka zaidi ya laki moja kwa mkupuo, zimebadilisha mambo kabisa, kipande kimoja kinavuka marudio yote na kushika pande zote mbili.

Ila kwa viumbe wa porini kazi bado ipo. DNA ndefu inataka sampuli mbichi iliyogandishwa haraka, ikicheleweshwa kwenye joto inakatikakatika, na mimea ndo balaa, ina masukari na kemikali zinazong'ang'ania DNA mpaka inageuka kahawia. Halafu ukubwa: samaki kamongo wa Amerika Kusini ana herufi kama bilioni 91, mara 30 ya za binadamu, na nyingi ni marudio. Walioisoma na kuitoa jenomu hiyo 2024 nawapa heshima zote.

Ninachokisubiri zaidi ni jeni za kinga, zile za MHC (kundi la jeni zinazosaidia mwili kutambua vijidudu), kwa wanyama waliobaki wachache, maana zinasaidia kujua nani atahimili ugonjwa, na ziko humohumo kwenye sehemu ngumu.