Kama baba

Jumatano, saa nne usiku, umeme umekatika.

Tumerudi kutoka Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, tangu Jumapili. Mdogo wetu wa mwisho ameolewa, mahari imetolewa yote, mama amecheza mpaka magoti yamevimba, na kazini mkataba wangu umeongezwa hadi Desemba. Hayo ndiyo ya kuandikwa. Lakini kichwani mwangu limebaki neno moja la yaya, mkubwa wangu wa kuzaliwa, dereva wa lori, alilolisema akiwa kwenye usukani bila hata kugeuza shingo.

Lori lake mnalijua: nyuma ya viti kitanda, chini ya kitanda mbabula, jiko letu la mkaa, sufuria mbili na unga wa bukari, ndio ugali. Safari ya kilomita kama 300 ilitushika siku tatu, maana bomba la hewa la breki lilipasuka tulipoiacha Likasi. Tukalala humohumo. Mimi nilifurahi. Mwisho wa kiangazi ndio wakati wa kuangalia juu. Miombo inatoa majani mapya mekundu hata kabla mvua haijanyesha, watu wanachoma nyasi, na mwewe wanafuata moshi. Wanapita mbele ya ndimi za moto, wanadaka panzi kwa makucha na kuwala hukohuko angani. Kwenye moto mmoja nilihesabu kumi na wanane, mikia yao yenye panda ikipinda kushoto na kulia kama mikono ya dereva kwenye barabara ya mashimo.

Asubuhi ya pili, kabla ya Fungurume, upande wa dirisha langu akatokea mwingine. Hakuwa wa kundi lile. Alipita juu ya moshi, mabawa ameyainua kidogo, hayapigi, anayumba tu huku na huku kama mtu anayetembea juu ya kamba. Mkia haukuonekana. Miguu myekundu ilichungulia nyuma, pale mkia ulipotakiwa kuwa.

"Yaya, angalia! Pungu!"

"Ile iko mwewe tu."

"Mwewe gani haina mkia?"

"Mudogo, wewe unaonaka pungu kila mahali. Kama baba."

Akabadilisha gia. Basi.

Kama baba. Baba yupi? Waliosoma niliyoandika wakati wa matanga wanakumbuka kwamba baba alikuwa fundi wa reli. Likizo alitupandisha treni ya Likasi, na dirishani ndipo darasa lilipokuwa: mwewe umjue kwa panda ya mkia, kipanga kwa mbio zake, pungu kwa mkia aliounyimwa. Lakini yupo baba mwingine, wa ile miaka miwili ya mwisho, mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili, ameketi chini ya mwembe, na kila kivuli kinachopita anasema, "Pungu ile." Kunguru, pungu. Mfuko wa plastiki uliobebwa na upepo, pungu. Nasi tulimwitikia, "Ndiyo, baba." Yaya ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Sasa mimi nilifananishwa na nani?

Nilifika nalo Kolwezi. Nilikaa nalo kwenye harusi, sahani ya wali mkononi, watu wakipiga vigelegele. Mara nalisikia kwa upole, "kama baba." Mara nalisikia kama mlango unaofungwa. Nilitaka kumwambia yaya kwamba niliona hata ukingo mpana mweusi chini ya bawa, kwa hiyo alikuwa dume. Nilitaka kumwambia kwamba tangu 2020 pungu amewekwa kwenye orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka, kwamba anataga yai moja tu, kwamba anakufa kwa sumu ambayo watu wanatia kwenye mizoga, na miti anayojengea kiota ndiyo hii inayoishia kwenye magunia ya makala, huo mkaa wa kupikia, tuliyoyapita njia nzima. Ndege wa namna hiyo kuitwa "mwewe tu" kuliniuma kwa ajili yake pia. Sikusema. Yaya alikuwa hajalala, grisi ya lile bomba bado imemkaa kwenye kucha.

Halafu jana mchana ikaingia sauti yake kwenye simu. Amesharudi barabarani, peke yake. Sekunde ishirini, injini inanguruma nyuma ya maneno:

"Mudogo, kuna moja hapa juu ya nguzo ya umeme. Nyeusi yote. Iko na manyoya kichwani yanasimama, upepo unayapeperusha. Nimesimamisha gari. Hii baba alikuwa anaiitaka jina gani?"

Nimeisikiliza mara tisa. Yaya, ambaye hasimami hata kwa wauza nyanya! Namwona ameshuka, mkono kwenye paji la uso, chini ya nyaya zile zinazouleta kwetu umeme wa bwawa la Inga, ule unaosafiri karibu kilomita 1,700 mpaka Kolwezi kabla ya kuendelea kuja huku. Ndege huyo ni tai mwenye ushungi. Anapenda nguzo za kando ya barabara, anakaa hapo akingoja panya watoke kwenye nyasi. Na baba alikuwa na jina lake kweli. Alimwita kapita, yaani msimamizi wa wafanyakazi, kwa sababu anasimama juu peke yake akiwatazama wengine wakihangaika chini.

Nikaandika neno moja: "Kapita."

Akajibu kwa sauti, sekunde tatu, kicheko chake kile cha zamani: "Eee! Kapita!"

Swali langu sijamuuliza. Nilishika simu nikaliandika, nikalifuta.

Kisima cha uani kimeshuka tena. Leo jioni kamba imeniishia mkononi na ndoo imerudi nusu yake matope. Jirani anachimba chake kirefu zaidi, hapohapo kwenye ukuta wetu, na mvua bado wiki nyingi.