Kumbukumbu ya mradi wangu: kufundisha kusoma na kuhesabu baada ya vipindi vya chuo

Mradi huu unaendeshwa na wanafunzi wa chuo, wengi wetu wa mwaka wa pili, ambao hukutana na watoto wa shule ya msingi mara mbili kwa wiki baada ya masomo yetu kwisha. Watoto wenyewe wanatoka katika familia ambazo haziwezi kulipia masomo ya ziada, na wengi wao wamefika darasa la tatu hadi la sita bila kuzimudu stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu. Ninaandika kumbukumbu hii kwa ajili ya wenzetu watakaoupokea mradi tutakapohitimu, ili wajue tulichokifanya na sababu za kukifanya hivyo.

Mwanzo wa muhula: kupima kwanza

Kabla ya kufundisha chochote, tulimpima kila mtoto peke yake. Alipewa karatasi yenye silabi, kisha maneno mafupi, kisha aya, na mwisho hadithi fupi yenye maswali mawili ya ufahamu. Alipokwama ndipo tulipoandika kiwango chake. Utaratibu huu hatukuubuni sisi. Shirika la elimu la Pratham, lililoanzishwa Mumbai mwaka 1995, ndilo lililoueneza, na tangu mwaka 2005 upimaji wa aina hiyo hufanyika nyumba kwa nyumba nchini India chini ya jina la ASER. Huku Afrika Mashariki, mpango wa kupima stadi za watoto uitwao Uwezo uliuchukua mfano huo kuanzia mwaka 2009. Uzuri wake ni kwamba humalizika kwa dakika chache na hauhitaji mtaalamu, hivyo mwanafunzi wa chuo anayesomea uhasibu au kilimo anaweza kuufanya vizuri baada ya mafunzo mafupi.

Baada ya kupima tuliwapanga watoto kwa kiwango, bila kujali darasa. Uamuzi huu ulizua mjadala mrefu miongoni mwetu, kwa kuwa baadhi ya wenzangu waliona kwamba mtoto wa darasa la sita ataona haya kuketi na wa darasa la tatu. Msimamo wangu ulikuwa, na bado ni, kwamba aibu kubwa zaidi ni ile ya kukaa darasani mwaka mzima mbele ya ubao usiosomeka kwako. Tuliyapa makundi majina ya rangi badala ya namba, na hakuna mtoto aliyetangaziwa kiwango chake mbele ya wenzake.

Kundi la silabi

Hili ndilo kundi nililokabidhiwa, na ndilo lililonifunza mengi. Wapo watoto waliokuwa wakisoma kitabu chao cha shule kwa sauti safi na kwa haraka, lakini neno lilelile lilipoandikwa peke yake kwenye kadi walinyamaza. Walikuwa wamekariri kurasa nzima kwa kusikiliza wenzao na kwa kufuata picha. Katika darasa lenye watoto wengi mwalimu hawezi kuligundua jambo hilo kwa urahisi, kwa kuwa darasa zima huitikia kwa pamoja na sauti ya asiyejua humezwa na za wanaojua. Simlaumu mwalimu hata kidogo. Hali aliyo nayo haimpi nafasi ya kumsikiliza kila mtoto, na nafasi hiyo ndiyo tunayoweza kuitoa sisi.

Tulianza na kadi za silabi nyepesi. Mtoto aliyezishika *ka*, *ta* na *na* alipewa kazi ya kuunda maneno mwenyewe, akapata *kata*, *taka*, *kaka* na *nata*, na kila neno alilolipata aliliandika kwenye daftari lake. Kiswahili humsaidia sana mwanafunzi wa hatua hii, kwa sababu herufi husomeka kwa sauti ileile karibu kila mahali, na kwa hiyo mtoto anayeielewa kanuni hapati mitego mingi mbele yake. Ugumu ulijitokeza kwenye konsonanti zinazofuatana: *mb* na *nd* zilipita bila shida, lakini *ngw* na *mbw* zilihitaji siku nyingi, na tofauti ya mwanzo wa *ngoma* na mwanzo wa *ng'ombe* ilibidi tuifundishe kwa masikio kabla ya macho. Tulitamka, wao wakainua mkono wa kulia au wa kushoto kulingana na sauti waliyoisikia, na baada ya hapo ndipo tulipoandika.

Kwenye hesabu tuliona jambo linalofanana na hilo. Ukimpa mtoto 42 toa 17, akajibu 35, hajabahatisha: ametoa namba ndogo kutoka kubwa katika kila safu, kwa kuwa hajaelewa kwamba ile 4 ni makumi manne. Vijiti vilivyofungwa kumikumi vilisaidia kuliko maelezo yoyote. Anapolazimika kufungua fungu moja ili apate vijiti saba vya kutoa, mtoto anaona mwenyewe kwa nini jibu ni 25.

Mahudhurio

Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Jaunpur, kaskazini mwa India, na kuchapishwa mwaka 2010 na wanauchumi Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao, ulionyesha kwamba watoto waliohudhuria kambi za kusoma zilizoendeshwa na vijana wa kujitolea walipiga hatua kubwa, ila wengi waliozihitaji hawakufika. Hilo lilitufanya tuyachukulie mahudhurio kwa uzito uleule tunaoupa ufundishaji. Mtoto akikosa mara mbili mfululizo, wawili kati yetu huenda kuzungumza na mzazi au mlezi wake. Sababu iliyojirudia zaidi ni ya wasichana wanaoachiwa wadogo zao, na tumeamua waje nao. Mmoja wetu hukaa na wadogo hao pembeni wakichora.

Kila kundi lina wakufunzi wawili, ili mitihani ya chuo isimwache mtoto hata mmoja bila mwalimu. Kanuni za ulinzi wa mtoto ni chache na hazina mjadala: idhini ya mzazi kwa maandishi, hakuna mkufunzi kubaki peke yake na mtoto mahali pa faragha, na hakuna picha za watoto kuwekwa mitandaoni. Mtu anayekuja kujitolea ili apigwe picha akiwa amezungukwa na watoto hatufai.

Mwisho wa muhula

Tumepima upya kwa karatasi tofauti. Kundi la silabi limepungua kwa zaidi ya nusu, na waliotoka humo wengi wako kwenye maneno, wachache wamefika kwenye aya. Waliobaki tunawafuatilia mmoja mmoja. Wawili kati yao walisoma vizuri zaidi karatasi iliposogezwa karibu na uso, na wazazi wao wameshauriwa wawapeleke kupimwa macho. Tunasubiri majibu kabla ya kubadili chochote katika ufundishaji wao.

Kazi inayofuata ni kuandika hadithi fupi kwa ajili ya kundi la aya, kwa kuwa tulizonazo wameshazisoma mara nyingi mno na tunahofia wameanza kuzikariri. Wakufunzi wa mwaka wa kwanza watajiunga nasi mwanzoni mwa muhula ujao, na kila mmoja ataketi na mkufunzi mzoefu hadi aweze kumpima mtoto peke yake na kujaza daftari la viwango kwa usahihi. Watoto wote watapimwa tena siku ya kwanza baada ya likizo, kabla makundi hayajapangwa.