Uzi wa sita umeninyima usingizi wiki tatu

Jamani imekubali! Ile G# ya uzi wa sita sasa inashuka mpaka F# kamili na kurudi mahali pake, na nikikumbuka wiki tatu za kulala chali chini ya gita langu la pedal steel (lile la kulala kama meza, noti zinabadilishwa kwa pedali za mguu na leva za goti) na tochi mdomoni sijui nicheke au nilie.

Yangu imetuniwa E9, nyuzi kumi, pedali A, B na C zikifuatana hivyo kutoka kushoto (mpangilio wa Emmons), leva nne za goti. Goti la kulia likienda kushoto nilitaka lishushe uzi wa sita toni nzima. Wapi! Ilikuwa inaishia G, tena G ya kuchechemea, na goti limeshafika mwisho. Nikahamishia rodi (kijiti cha chuma kinachounganisha leva na chenja, kile kifaa kinachovuta nyuzi) kwenye tundu jingine la kranki, mkono unaoivuta, mwendo ukaongezeka lakini leva ikawa nzito kama breki ya lori. Nikalegeza springi ipungue uzito, sasa nikiachia leva G# hairudi yote, inabaki chini kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachouma masikio. Nikatia mafuta ya cherehani kila kona (yale ya kopo ya kupuliza msiyaguse, yanakamata vumbi mpaka chenja inakuwa uji). Bado.

Jumamosi uzi wenyewe ukakatika. Kufungua pakiti mpya, kumbe nimeagiza vibaya, uzi wa sita ni wa inchi 0.020 mtupu, si 0.022 wa kuzungushiwa waya kama niliozoea. Nikaufunga kwa hasira tu. Nasukuma leva, inapita F# inaelekea F!!

Yaani shida haikuwa rodi wala springi. Uzi wa kuzungushiwa una kiini chembamba kinachobeba uzito wa waya wa juu, kwa hiyo umenyooshwa sana na unataka mwendo mrefu ndio noti ibadilike, ule mtupu ukiugusa tu umehama. Ubaya wake ni huohuo, pedali B, inayopandisha G# mpaka A, nayo ikawa inapitiliza noti hiyo ikabidi nizungushe nati ya nailoni ya kutunia weee, na nikikanyaga pedali A peke yake bodi inapinda kidogo, G# inashuka karibu senti sita (senti mia ni nusu toni). Nitaishi nayo.

Halafu hizi programu za kutuni za simu, ukiweka G# sawasawa na sindano kordi ya E inasikika imekunja uso. Mimi naishusha kwa sikio, sindano iseme inavyotaka.

Leo mpango ulikuwa kufunga leva ya wima, ya kushusha noti ya B mpaka A#. Nikiwa najaribu nikakanyaga pedali A na B freti ya 10 nikasukuma ile leva ya uzi wa sita, ikatoka kordi ya G yenye ile saba (noti ya F, yaani G7), nikateleza mpaka freti ya 8 nikiachia kila kitu, ikatua C. Nimeirudia kama mara arobaini, mke wangu kafunga mlango.

Ila hiyo saba inatoka juu kidogo na gita langu halina skrubu za kutuni peke yake noti inayotoka pedali na leva zikivuta uzi mmoja kwa pamoja. Dawa ni kuishusha zaidi mpaka ikae sawa nikiwa nimekanyaga B, halafu rodi ya pili kutoka leva hiyohiyo iingie tundu la kupandisha, iinue F# iliyozidi kushuka. Rodi ya ziada sina, nilikuwa na ile moja ya leva ya wima.

Nimeshaikata.